Shajara ya tangi la maji chumvi: kumtafuta samaki wa kwanza

Siku ya 1

Leo nimejaza maji. Tangi lina urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 45, kwa hiyo kwa hesabu ya vipimo linabeba lita 182, lakini ukishatoa nafasi ya mchanga, mawe na kile kiasi kinachoachwa juu ili maji yasimwagike, kinachobaki ni kama lita 150. Hesabu zangu zote zitategemea lita hizo 150. Mawe ni ya matumbawe makavu yasiyo na kiumbe hai hata kimoja, na nimeyapanga yakaacha mapango mawili mbele na upenyo nyuma unaotosha mkono wangu, maana uchafu hupenda kutuama mahali ambapo mkono haufiki.

Maji yenyewe yamechujwa kwa kichujio cha osmosisi, kwa sababu maji ya bomba yanaweza kuja na klorini na pengine shaba, na shaba, hata ikiwa kidogo sana, huua kamba, konokono na matumbawe. Chumvi ni ile inayotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari, yenye kalsiamu, magnesiamu na madini mengine ambayo chumvi ya kupikia haina. Nimelenga kiwango cha 35 kwa elfu, yaani gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, na joto la nyuzi 25. Nyuma ya pampu nimebana sponji moja ya ziada ambayo leo haina kazi. Itakuwa na kazi kubwa baadaye.

Samaki hamna, wala hataingia wiki hii. Nimeianza shajara hii kwa ajili ya swali moja: ni nani aingie kwanza, na kwa sababu gani.

Siku ya 3

Nimetia amonia. Kwa lita 150, kufikisha miligramu 2 za amonia kwa lita kunahitaji miligramu 300 za amonia yenyewe, na kwa kuwa ninatumia kloridi ya amoni, ambayo sehemu kubwa ya uzito wake ni klorini, nimepima chini kidogo ya gramu 1. Nimeongeza pia chupa ya bakteria hai.

Amonia hii inasimama badala ya samaki. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake kila dakika anayoishi, na kinyesi na mabaki ya chakula huongeza nyingine. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki wengi huivumilia kwa kiasi na ambayo huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huishi juu ya mawe, mchanga na sponji, nao huzaliana polepole. Kwa kawaida kazi hii huchukua kati ya wiki 4 na 6.

Siku ya 6

Leo nimekaa kitako kulitafakari shauri ambalo mtu anayeanza hulisikia mapema: kwamba samaki wa kwanza awe damseli, samaki mdogo wa kwenye matumbawe, kwa kuwa ni mgumu, na kwamba yeye ndiye atoe amonia ya kuwalisha bakteria. Shauri hilo ni la zamani na lilikuwa na mantiki yake wakati ambapo watu hawakuwa na njia nyingine iliyo rahisi. Nimelikataa, na ninaandika sababu zangu hapa ili nisije nikabadilisha mawazo siku ambayo uvumilivu utanipungukia.

Sababu ya kwanza ni kemia. Amonia katika maji ina sura mbili: amonia tupu, ambayo ni sumu kali, na amoni, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Kadiri pH, kipimo cha uasidi wa maji, inavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi inavyokuwa katika ile sura ya sumu. Maji ya bahari hukaa karibu na pH 8.2, ambapo sehemu hiyo ya sumu ni zaidi ya mara 10 ya ile inayopatikana kwenye maji yenye pH 7. Kwa hiyo kipimo kilekile cha amonia ambacho samaki wa maji baridi angekipita bila madhara makubwa, kwenye maji chumvi kinaunguza matamvua. Damseli huweza kupona, kweli, lakini kupona si sawa na kutoumia.

Sababu ya pili ni tabia, nayo ndiyo iliyonifungua macho zaidi. Damseli aliyenusurika wiki zote hizo huwa amekwisha kulifanya tangi zima kuwa himaya yake. Domino mwenye madoa meupe, Dascyllus trimaculatus, huuzwa akiwa mdogo kama kitufe cha shati, kisha hukua na kumfukuza kila mgeni anayeletwa, na kumvua samaki mmoja mwenye mbio katika tangi lililojaa mawe maana yake ni kubomoa mawe yote. Wako damseli wapole kidogo, kama Chrysiptera parasema mwenye mkia wa manjano, lakini hata huyo sitaki awe mwenye nyumba.

Nikiliangalia neno lenyewe, "samaki mgumu", naona kwamba nilikuwa nimelielewa vibaya. Nilidhani ni samaki anayestahimili maji mabaya. Sasa ninalitumia kwa maana nyingine: samaki anayekula kwa urahisi, asiyeshtuka kwa kila kivuli, ambaye akikutana na kosa dogo la mfugaji mgeni hamalizwi nalo. Maji yawe tayari kwanza. Ugumu wake ubaki kuwa akiba ya makosa ambayo bado sijayafanya.

Siku ya 13

Amonia imeshuka hadi miligramu 0.5. Nitriti imetokea: kimiminika cha kipimo, ambacho wiki iliyopita kilikuwa buluu ya anga, leo kimegeuka zambarau iliyokolea hata siwezi kusoma ngazi yake kwenye kadi. Nimerudia kutia amonia.

Siku ya 18

Tangi halihitaji chochote kutoka kwangu leo, hivyo nimeitumia jioni kuwapitia wanaogombea nafasi. Nilijiwekea masharti manne kabla ya kutazama picha hata moja, kwa kuwa picha hupotosha: awe anakula chakula cha kawaida cha punje au kilichogandishwa, ukubwa wake akikomaa ufae tangi la sentimita 90, asiwazuie watakaomfuata, na ikiwezekana awe amezaliwa katika ufugaji, si kuvuliwa baharini.

Wawili walianguka mapema. Kangaja wa buluu, Paracanthurus hepatus, ndiye ambaye wageni wengi wa jambo hili humtamani, lakini hufikia takriban sentimita 30, huogelea masafa marefu bila kutulia, na ni mwepesi wa kushikwa na ugonjwa wa madoa meupe unaoletwa na kimelea Cryptocaryon irritans. Kumweka katika tangi langu ni kumfunga. Mwingine ni Synchiropus splendidus, ambaye sijaona samaki mwenye michoro mizuri kumzidi. Huyo hula kopepodi, vijidudu vidogo mno, akidonoa mchana kutwa juu ya mawe. Mawe yangu ni makavu, hayana kopepodi wa kumtosha hata wiki moja, na samaki huyo hufa njaa polepole huku mwenye tangi akidhani anakula kwa sababu anamwona akidonoa. Kwa sababu hiyohiyo nimewaacha kando blenni wanaotegemea mwani, kama Salarias fasciatus: tangi changa halina shamba la kuwalisha.

Chromis viridis, wale wa kijani kibichi wanaoogelea kwa kundi, walinishika kwa muda. Baharini huishi makundi makubwa juu ya matawi ya matumbawe. Ndani ya tangi dogo, kundi la sita huweza kupungua likawa la watano, kisha la watatu, kwani wenye nguvu huwaandama wanyonge mmoja baada ya mwingine. Sitaki kuanza na samaki ambao mpango wenyewe wa kuwafuga unakubali kwamba baadhi watakufa.

Wakabaki wanne, na hapa ndipo kazi ilipokuwa nzito.

Kadinali wa Banggai, Pterapogon kauderni, ana fedha na weusi, hutulia mahali pamoja, na dume lake hutamia mayai mdomoni bila kula mpaka watoto watoke. Asili yake ni eneo dogo sana, visiwa vya Banggai karibu na Sulawesi nchini Indonesia, na uvuvi wa kuwauza ulimfikisha katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ya walio hatarini kutoweka mwaka 2007. Aliyezaliwa katika ufugaji ni samaki mwema sana kwa anayeanza. Tatizo ni kwamba dume na jike hawatofautiani kwa urahisi, na wawili wasioelewana huandamana hadi mmoja afe. Ningeweza kumweka mmoja peke yake, na nimemwandika wa pili katika orodha.

Gramma loreto wa Karibi, zambarau mbele na manjano nyuma, ana sentimita 8 tu, hula kila kitu, na hukaa mlangoni mwa pango lake, mara nyingine tumbo likiwa juu chini ya paa la jiwe. Wengi wanaouzwa huwa wamevuliwa baharini. Nemateleotris magnifica, mwembamba, mwenye pezi la mgongoni lililosimama kama unyoya, ni mpole kuliko wote, na kwa kanuni ya kuwatanguliza wapole na kuwachelewesha wakali, yeye ndiye angestahili kuingia kwanza. Lakini ni mwoga, huruka nje ya tangi anaposhtuka, na samaki mwoga aliye peke yake, asiye na mwenzake wa kumwonyesha kwamba hakuna hatari, huweza kujificha kwa wiki nzima, nami nisijue kama anakula au anakonda.

Kisha yuko klaunifishi, Amphiprion ocellaris, wa rangi ya chungwa na mikanda mitatu myeupe. Kusema kweli nilimkwepa mwanzoni kwa sababu ndiye jibu la kila mtu. Nilipolipima kila sharti nikaona kwamba jibu hilo lina sababu zake. Wanazalishwa kwa wingi katika ufugaji, hivyo wanakuja wakiwa wamezoea punje, kioo na sura ya mtu. Hawahitaji anemoni, yule kiumbe wa bahari mwenye minyiri inayochoma: baharini anemoni ni ngome yao dhidi ya maadui, na katika tangi adui huyo hayupo, wakati anemoni mwenyewe anadai mwanga mkali na maji yaliyokwisha kutulia kwa miezi mingi. Hawaranderande: eneo lao ni kona moja au jiwe moja. Hilo linapunguza, ingawa haliondoi, hofu yangu kwamba jike akikomaa atakuwa mkali, kwa kuwa ukali wake huishia mahali anapopaita kwake.

Uamuzi wa leo: ocellaris wawili wadogo, waliozaliwa katika ufugaji. Kwa samaki wengine ningesema mmoja, lakini hawa wana utaratibu wao. Wote huzaliwa wakiwa na uwezo wa kuwa madume. Mkubwa anayetawala hugeuka kuwa jike, na akishakuwa jike hawezi kurudi nyuma. Ukichukua wawili wachanga waliotofautiana kimo, cheo kinakuwa kimekwisha kuamuliwa nusu kabla hawajafika. Nimeandika pia, kwa wino mzito, kwamba samaki hawa katika ufugaji huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Sichagui samaki wa mwaka huu.

Siku ya 22

Nimegundua kosa la vipimo, na ninashukuru kwamba limegunduliwa tangi likiwa tupu. Refraktomita yangu, chombo cha kupimia chumvi, nilikuwa nikiisawazisha kwa maji safi yasiyo na chumvi, ikionyesha sifuri kama inavyopaswa, nami nikaamini kwamba chombo kinachosema kweli kwenye sifuri kitasema kweli kwenye 35. Leo nimeijaribu kwa kimiminika maalumu cha kusawazishia chenye 35 kwa elfu, ikasoma 32. Maana yake ni kwamba maji niliyokuwa nikiyaita 35 yalikuwa karibu na 38. Nimetoa maji chumvi kidogokidogo na kurudishia maji safi kwa siku nzima, na kuanzia sasa chombo kitasawazishwa kwa kimiminika hicho tu, kila mwanzo wa mwezi.

Jambo hili linamhusu samaki moja kwa moja. Mwili wa samaki wa bahari una chumvi pungufu kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humtoka bila kukoma, naye hunywa bahari siku nzima na kuitoa chumvi ya ziada kupitia matamvua. Ukimhamisha ghafla kutoka maji mepesi kwenda mazito zaidi, unamkausha akiwa majini.

Siku ya 33

Nimetia amonia kufikia miligramu 2 jana saa mbili usiku, na leo saa mbili usiku amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri. Nimelishika bomba la kipimo cha amonia mbele ya karatasi nyeupe, nikalitazama kwa mwanga wa taa: manjano safi, bila chembe ya kijani. Nitreti iko karibu 30, jambo linaloafikiana na dozi nne nilizotia. Nimebadilisha nusu ya maji, ikashuka hadi 15.

Mchanga umefunikwa na utando wa kahawia wa diatomu, mwani mdogo sana. Ni wa kawaida katika tangi jipya, nitauacha ujiishie. Ili bakteria wasife njaa wakati wa karantini, yaani muda ambao samaki watatengwa kwanza katika tangi la pembeni, nitaendelea kutia amonia kidogo mara mbili kwa wiki.

Siku ya 36

Tangi la karantini liko tayari: lita 40, bila mchanga, bila mawe, vipande viwili vya bomba la plastiki vya kujifichia, hita ndogo, na ile sponji iliyokaa nyuma ya pampu tangu siku ya kwanza, sasa ikiwa imejaa bakteria. Nimekutana na hoja kwamba samaki wa kwanza kabisa hahitaji karantini kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambukiza. Siikubali. Cryptocaryon akiingia katika tangi kuu, dawa za shaba haziwezi kutumika humo bila kuwaua viumbe wengine, na njia inayobaki ni kuwatoa samaki wote na kuliacha tangi bila samaki kwa takriban siku 76, kimelea kikose pa kushika. Mwezi mmoja wa kungoja mwanzoni ni mfupi kuliko hizo.

Siku ya 41

Nimekwenda kuwaona samaki kwa mfugaji, na nimerudi mikono mitupu.

Walikuwa kumi na wawili hivi katika tangi moja, wote wa umri mmoja. Nilisimama mbali na kioo kwa muda, kwa sababu ukikaribia tu wanakuja mbele wakidhani ni chakula, na ukunjufu huo unaficha mengi. Karibu wote walikuwa sawa. Mmoja alikuwa juu kabisa, penye maji yanayoingia, pua yake ikielekea mkondo, na kifuniko cha matamvua yake kilikuwa kikifunguka haraka mno. Nilihesabu mara 41 katika sekunde 15, wakati mwenzake aliyekuwa jirani alifikia 22. Ngozi yake kwenye mkanda wa kichwani ilikuwa na ukungu, kama kioo kilichopumuliwa. Klaunifishi hushikwa na kimelea Brooklynella hostilis, ambaye huvuruga ngozi na matamvua na kuua ndani ya siku chache, na hata kama huyu hakuwa na ugonjwa huo, maji yao wote ni mamoja. Nilimwonyesha mfugaji. Aliinama, akamtazama kwa kitambo, akasema, "Hapana, hawa usichukue leo. Acha niwaangalie kwanza." Nilimheshimu kwa neno hilo.

Siku ya 46

Wamepatikana, kutoka kundi jingine lenye maji yake pekee.

Nilimwomba mfugaji awalishe nikiwa nimesimama pale, naye akatia punje chache. Hapo ndipo nilipofanya uchaguzi wenyewe, kwa sababu spishi nilikwisha kuichagua siku ya 18, lakini samaki huchaguliwa mmojammoja. Aliyenivutia kwanza kwa rangi alikimbilia punje, akaiingiza mdomoni, akaitema, akaiingiza tena, akaitema, akaiacha ikazama. Nilimwacha. Mwingine, mkubwa kuliko wenzake, wa sentimita 4 hivi, alimeza tatu mfululizo na kumsukuma jirani kwa ubavu ili aipate ya nne. Karibu naye alikuwako mdogo wa sentimita 2 na nusu, aliyekula kile kilichomponyoka mkubwa, akijikunja upande kila mara mkubwa alipomgeukia. Hao ndio niliowataka. Nikawakagua mdomo kama unafunga sawasawa, na vifuniko vya matamvua kama vinafunika mpaka mwisho, kwani samaki wa ufugaji huweza kuwa na kifuniko kifupi kinachoacha wekundu wa matamvua wazi. Nikatazama pia tumbo, ambalo likiwa limebonyea nyuma ya mapezi ya kifuani ni dalili ya njaa ya muda mrefu. Wote wawili walikuwa wazima.

Siku mbili kabla nilikuwa nimempigia mfugaji simu na kumuuliza kiwango chake cha chumvi, akasema 29, nami nikalishusha tangi la karantini hadi 29. Kwa njia hiyo sikuhitaji kuwadondoshea maji tone kwa tone kwa saa nzima. Ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi ya samaki huongeza kaboni dioksidi, pH hushuka, na amonia iliyojikusanya hubaki katika ile sura isiyo na makali. Ukifungua mfuko, kaboni dioksidi hutoka, pH hupanda, na amonia hiyohiyo hugeuka sumu huku samaki wakiwa bado ndani. Niliuacha mfuko uelee dakika 20 kwa ajili ya joto, nikaufungua, nikawahamisha kwa kikombe, na maji ya mfuko nikayamwaga.

Kuanzia kesho nitapandisha chumvi kwa 1 kila siku hadi 35.

Siku ya 51

Amonia katika karantini ni miligramu 0.5. Kosa ni langu: nimekuwa nikiwalisha mara tatu kwa siku kwa furaha ya kuwaona wakila, na sponji moja katika lita 40 ina mpaka wake. Nimebadilisha lita 20 asubuhi na lita 20 nyingine jioni, kwa maji yaliyokwisha kuchanganywa na kupashwa joto, hadi kipimo kikawa karibu 0.1. Walipumua kwa kasi kidogo asubuhi; jioni walikuwa wametulia na wakala. Kuanzia sasa ni mara mbili kwa siku, na kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Hapa ndipo nilipouona ule ugumu nilioutaka ukifanya kazi yake. Nemateleotris, katika juma lake la kwanza, huenda asingekula tena.

Siku ya 60

Amonia sifuri kwa siku nane mfululizo. Chumvi 35. Hakuna madoa, hakuna kujisugua kwenye bomba. Wameanza kukubali artemia, vijidudu jamii ya kamba, waliogandishwa.

Siku ya 77

Leo wamehamia tangi kuu. Nilizima taa mapema, nikapima maji ya pande zote mbili, yakawa sawa kwa chumvi na kwa joto, nikawahamisha kwa kikombe kama mara ya kwanza. Mkubwa alishuka hadi mchangani, akasimama hapo kama dakika tano bila kusogea, mapezi ya kifuani tu yakipiga. Mdogo alijibanza ubavuni mwake. Kisha wote wawili wakapanda juu, wakaenda kona ya kulia karibu na pampu, wakakaa. Mapango yangu mawili niliyoyapanga kwa uangalifu hawakuyatazama.

Siku ya 78

Mkubwa amekula punje tatu. Mdogo amekula moja. Amonia sifuri.

Siku ya 86

Amonia sifuri, nitriti sifuri, nitreti 15, joto 25, chumvi 35. Utando wa kahawia unaanza kubanduka wenyewe kwenye mchanga.

Kona ile ya kulia imekuwa kwao. Usiku wanalala hapo, wakiwa wameinama upande kidogo, na mchana hawaendi mbali zaidi ya nusu ya tangi. Upande wa kushoto, kwenye pango kubwa, haujaguswa, na hilo ndilo nililokuwa nikilitumainia. Leo asubuhi nilimwona mdogo akimkaribia mkubwa, akajilaza ubavu na kutetemeka mwili mzima kwa sekunde moja au mbili, kisha akaondoka. Ndiyo namna yao ya kukubali cheo, na mkubwa hakumfukuza.

Sponji nyingine imewekwa nyuma ya pampu, na tangi la karantini limeoshwa na kukaushwa. Nikiona wiki nne nyingine zimepita kwa vipimo hivihivi, atafuata Nemateleotris, wavu wa kufunika juu ukiwa umekwisha kukazwa, kisha Gramma kwa ajili ya pango la kushoto. Kwa leo nimewalisha saa moja jioni, nikasubiri mpaka mdogo naye akapata punje yake, nikazima taa.